Kitabu cha Pili Kilikuwa Bokoli

Harufu ya dawa ya mahindi haimpendezi mtu. Ni ile poda tunayochanganya na mahindi makavu kabla ya kuyafunga guniani ili fukusi wasiyatoboe, na ukiivuta vibaya unapiga chafya mpaka machozi yanatoka. Lakini mimi ikinigusa pua tu nakumbuka joka lisilo na macho, likiwa limelala juu ya mlima, limezungusha mkia wake kwenye kisima. Desemba iliyopita ghala la nyanya yetu kule Bokoli lilibomolewa. Mchwa walikuwa wamelimaliza, na mwenyewe tulikuwa tumeshamzika. Mdogo wangu Wafula akanipigia simu, akasema wamepata debe chini ya magunia na ndani yake kuna vitu vyetu. Sikumuuliza ni vitu gani. Nilifunga duka mapema nikaondoka Kitale siku hiyo hiyo.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka vile vitabu vilivyokuwa vikimwagwa chini sokoni Kitale, kando ya nguo za mitumba. Vilikuwa vitabu vya watoto kutoka ng'ambo, vingine havina jalada, vingine vimeandikwa ndani majina ya watoto ambao hatungewahi kuwaona. Humo mlikuwa na wafalme waliogeuzwa mawe, paka wenye mataji, wasichana waliopanda upepo. Baba alikuwa karani wa serikali, na kila Jumamosi alikuwa akiinama pale kwenye lundo kama mtu anayechagua viazi. Mama, ambaye alikuwa fundi wa cherehani sokoni hapo hapo, alikuwa akimcheka. Alisema baba anatuletea uongo wa watu wengine kana kwamba wetu haututoshi.

Siku moja alileta vitabu viwili vilivyofungwa pamoja kwa kamba ya katani. Ilikuwa hadithi moja ndefu, imekatwa katikati kama mkate. Ilimhusu msichana aitwaye Berit na mdogo wake Olo, na mlima uliokuwa unatembea. Baba alitusomea kila jioni baada ya chakula, akiigeuza Kiswahili papo hapo, joka akilipa sauti ya mzee wa kijiji na mchawi akimpa sauti ya mkubwa wake kazini. Mimi na Wafula tulilala chali kwenye mkeka. Katika kurasa za mwisho za kitabu cha kwanza, mlima uliinuka, ukatembea, ukaja kukaa katikati ya kijiji, Berit akabaki upande huu na Olo upande ule. Baba akafunga kitabu. Akasema cha pili tutaanza kesho, na kesho hiyo haikufika.

Sitaeleza yaliyowafanya wazazi wangu waachane, maana hata leo siyajui vizuri na siyatafuti. Ninachokumbuka ni siku ya kugawana. Sufuria kubwa ilibaki kwa mama, redio ikaenda kwa baba. Mimi nilibaki Kitale, Wafula akaenda, kwa sababu mtoto wa kiume wa Kibukusu hulelewa kwao, na kwao ni kwa baba, na baba alikuwa amehamishiwa ofisi ya Bungoma. Kazi ilimzidi, ikabidi Wafula akae na nyanya Bokoli. Baba alikuwa mtu wa haki. Alifungua ile kamba ya katani, akanipa kitabu cha kwanza, cha pili akakitia kwenye mfuko wa Wafula. Kila mtoto kimoja. Aligawa hadithi jinsi alivyogawa vijiko, na hakuona kosa lolote.

Nilikuwa nimeanza kusoma Kiingereza cha kubahatisha. Wafula hakujua hata herufi. Kwa hiyo aliyeweza kusoma alikuwa na mwanzo, na aliyekuwa na mwisho hakuweza kusoma. Nililifikiria jambo hilo kila siku, nikaapa kwamba nitakipata kile kitabu cha pili, hata kama itanibidi kutembea kwa miguu. Mama alikuwa ameshaniita kichwa ngumu tangu nikiwa nanyonya. Hakukosea.

Nilikisoma cha kwanza mpaka uti wake ukalegea. Nilikipeleka shuleni, nikakipeleka kanisani chini ya sweta, nikakipeleka chooni. Na kila jioni nilisimama nyuma ya nyumba yetu kuutazama Mlima Elgon, kwa sababu nilikuwa nimegundua siri. Kitale, mlima huo umekaa upande wa machweo. Jua huingia nyuma yake na kupotea. Lakini nilikumbuka vizuri kwamba zamani, tulipokwenda Bokoli wote wanne, mlima ulikuwa umekaa pengine kabisa. Kule jua lilizama mkono wa kushoto, na mlima ulikuwa mbele yetu, juu ya migomba ya nyanya. Mlima mmoja hauwezi kukaa pande mbili. Nikajua kwamba unatembea. Nikajua pia kwamba ndio uliokuja kukaa kati yangu na Wafula, na kwamba dawa ya kuuondoa imeandikwa katika kitabu cha pili. Mambo mengine ya nyumbani kwetu hayakuwa na maelezo. Hili lilikuwa nayo, tena na picha.

Nafasi yangu ilikuja Agosti. Binamu yetu mkubwa alikuwa anaingia jandoni, na mwaka wa tohara, ukoo mzima hukusanyika. Mtoto asipoonekana watu huuliza yuko wapi na kwa nini. Mama hakutaka maswali hayo. Shangazi, dada yake baba, akaja kunichukua. Nilifunga nguo zangu, nikakifunga kitabu cha kwanza ndani ya gauni la kanisani, na katika kila shamba la mahindi tulilopita kuanzia Kitale nilikuwa nimekaza macho kwenye dirisha la basi nikiuvizia mlima. Ulikuwa unajificha nyuma ya mawingu, unatokea, unajificha tena, na kila ukitokea ulikuwa umesogea. Nilitabasamu peke yangu. Shangazi aliniuliza kama naumwa na tumbo.

Bokoli nilimkuta Wafula amekua. Alikuwa anafukuza kuku kutoka kwenye mahindi yaliyoanikwa uani. Nilimkimbilia, yeye akarudi nyuma, akajificha kwenye kanga ya nyanya. Akamuuliza kwa Kibukusu huyu mgeni atalala wapi. Kiswahili chetu cha Kitale kilikuwa kimemtoka mdomoni, na mimi nilikuwa nimemtoka pia. Iliniuma sana. Nilisimama pale na mkoba wangu, nikasema moyoni kwamba sitalia, na sikulia.

Nyanya tulimwita kukhu, kama watoto wote wa Kibukusu wanavyowaita nyanya zao. Alikuwa mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani, mgongo umenyooka, na hakuwa na mzaha na mambo ya mbinguni. Nilimwamkia, nikampa sukari na sabuni alizotuma mama, nikangoja kidogo kwa ajili ya adabu, kisha nikamuuliza kitabu cha Wafula kiko wapi. Akaniambia mhubiri mgeni alikuja kanisani, akawaonya wazazi juu ya vitabu vya kizungu vyenye uchawi, na yeye aliporudi nyumbani akafungua kile cha Wafula, akakutana na joka lenye mabawa kwenye ukurasa wa mbele kabisa. Kwa hiyo hakimo tena ndani ya nyumba.

"Umekichoma, kukhu?"

"Nimeondoa," akasema.

Alikuwa amemaliza. Watu wazima wa kwetu walikuwa wakimaliza neno, limekwisha. Lakini mimi sikutoka Kitale kuja kula kuku. Nilikaa chini kando yake, nikachukua hindi, nikaanza kumsaidia kupukuchua mahindi ya kulisha wageni wa jando. Tulipukuchua mpaka beseni likajaa. Ndipo nikamuuliza kwa upole kama si yeye aliyekuwa akituhadithia habari za manani, lile zimwi linalomeza watu na ng'ombe wao na kutapika mifupa.

"Manani ni wetu," akasema kukhu bila kuinua kichwa. "Tunamjua mpaka mahali analala. Hiyo nyoka yako sijui kwao ni wapi, sijui inakula nini, na sijui nani aliituma."

"Basi wacha nikusomee hiki changu, ndio uijue."

Nilisema hivyo kwa sababu sikuwa na njia nyingine. Aliendelea kupukuchua. Baadaye akasema, kama mtu anayetoa hukumu, kwamba nitamsomea chote, neno kwa neno, nisiruke. Akisikia watu wanaiabudu hiyo nyoka, kitabu changu pia kitaondoka. Akisikia hawaiabudu, ataona.

Kwa hiyo nikasoma. Asubuhi baada ya kufagia uwanja, na tena mchana wageni wakipumzika, nilikaa kwenye gunia kando ya yale mahindi nikigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili cha kanisani ambacho kukhu alikielewa. Kwa mbali tulisikia kengele za vijana waliokuwa wakizunguka kualika ndugu jandoni, na mara kwa mara uwanja ulijaa watu na nyimbo, nasi tukaacha. Watu wakipita tu, kukhu alinionyesha gunia kwa kidevu, nami nikarudi kukaa.

Maneno mengi sikuyajua, nikayabuni. Kasri la mfalme nililiita boma la mawe. Theluji ndiyo iliyonishinda kabisa. Ilisemwa ni nyeupe, laini, inaanguka kutoka juu na kufunika kila kitu, na mimi nilichokijua cheupe na laini kilikuwa kimoja. Nikasoma kwamba unga ulianguka kutoka mbinguni usiku kucha, na asubuhi watoto wakatoka nje wakilia kwa njaa na baridi. Mikono ya kukhu ikasimama.

"Unga imejaa mpaka mlangoni na watoto wanalia njaa?"

"Ndivyo wameandika, kukhu."

"Mama yao alikuwa wapi na ungo?"

Kukhu alisikitika sana juu ya uvivu wa watu wale, na siku iliyofuata aliwaeleza habari zao akina mama wenzake waliokuja kusaidia kupika. Nao walisikitika.

Kila joka lilipotokea alinikatiza. Wanalipigia magoti? Nikamwambia hapana, wanaliogopa tu. Akasema kuogopa si dhambi, niendelee. Wanalipelekea mbuzi? Nikatafuta kwenye ukurasa kwa kidole, nikaona ndiyo, kijiji kilikuwa kinalipelekea mbuzi kila mwezi. Ningeweza kuruka. Lakini nilikuwa nimeambiwa nisiruke, na Wafula alikuwa amekaa pale mlangoni akisikiliza, amejifanya anatengeneza gari la waya. Nikasoma mbuzi na kila kitu chake.

"Wanapeleka kwa kupenda ama kwa nguvu?"

"Kwa nguvu. Wanalia."

"Basi hiyo si ibada. Hiyo ni wizi wa mifugo. Soma."

Tulipofika mahali Olo anapochukuliwa na mafuriko na Berit anamvuta kwa kitambaa chake cha kichwa, Wafula aliacha lile gari. Alisogea, akaketi kwenye gunia langu, mgongo wake kwenye mkono wangu. Nilihisi joto lake, nikaendelea kusoma, na nikaongeza maneno yangu mwenyewe mawili matatu ili ukurasa usiishe.

Jioni hiyo, alipokuwa ameanza kuniita dada tena, nilimpeleka nyuma ya ghala nikamfichulia siri yangu. Mlima ulikuwa wazi, wa buluu, juu ya migomba. Nikamwambia autazame vizuri. Nikamweleza kwamba kule Kitale unakaa upande wa kuzama jua, na hapa umekaa mbele yetu, kwa hiyo unatembea, kama ule wa kitabuni, na ndio uliotutenganisha, na tukipata kitabu cha pili tutajua namna ya kuuambia uondoke. Nilizungumza haraka haraka, nimemshika bega. Wafula aliutazama mlima, akanitazama mimi. Alikuwa mtoto mdogo, hajapoteza hata jino moja.

"Mlima iko hapo tu," akasema. "Kila siku iko hapo. Ni wewe hukuwa."

Basi. Nililia hapo nyuma ya ghala kilio ambacho sikukilia siku ya kugawana sufuria, wala siku niliyoitwa mgeni. Nililia kwa sababu nilielewa, kwa mara ya kwanza, kwamba hakuna kitu kilichokuja kukaa katikati yetu. Watu walikuwa wameondoka tu, kila mtu kwa miguu yake, na hakuna ukurasa ambao ungesema maneno ya kuwarudisha. Wafula aliogopa, akaenda kumwita kukhu. Kukhu alikuja. Alinifuta uso kwa ncha ya kanga iliyokuwa na pumba za mahindi, akanirudisha jikoni.

Kesho yake nilimaliza kitabu cha kwanza. Mlima ukainuka, ukakaa katikati ya kijiji. Nikafunga jalada, nikasema kimeisha. Kukhu alibaki na gunzi mkononi.

"Imeisha aje? Na mtoto wa watu je?"

"Iko kwenye kile kingine," nikasema. "Kile uliondoa."

Aliinuka, akajikung'uta. Aliingia ghalani akakaa huko kwa kitambo, tukisikia magunia yakiburutwa, na alipotoka alikuwa amebeba debe. Alilifungua kwa kisu. Katikati ya mahindi yaliyotiwa dawa, kikiwa kimefungwa kwa karatasi ya nailoni, kilikuwamo kitabu cha pili. Alisema hakuweza kuchoma kitu ambacho baba mtu alimnunulia mwanawe, na hakutaka kikae ndani, kwa hiyo alikitia penye dawa. Kama kuna kitu kibaya ndani yake, kife pamoja na fukusi. Tulipiga chafya sote watatu. Poda ilikuwa imeingia mpaka kwenye kurasa.

Siku zangu zilikuwa zimebaki chache, na nilisoma kama mwenye kufukuzwa. Hatukufika hata nusu. Usiku wa kuamkia safari nilikuwa nimeshakata shauri: nitakitia kitabu cha pili kwenye mkoba pamoja na cha kwanza, niondoke navyo, na Wafula nitamhadithia tukionana. Asubuhi kukhu aliukuta mkoba wangu umevimba. Alivitoa vyote viwili. Akatafuta kamba, akavifunga pamoja kama baba alivyovileta, akavirudisha kwenye debe.

Nilikasirika vibaya. Nilimwambia kimoja ni changu, nilipewa na baba mbele ya watu.

"Ni hadithi moja," akasema. "Baba yenu alikosea kuikata. Inakaa hapa. Mwenye kuitaka atakuja."

Kisha alimwita shangazi, akamtuma kwa mama yangu na kwa baba yangu, kila mmoja kwake, na ujumbe ulikuwa mmoja: mtoto hajamaliza kusoma, Desemba aletwe. Hakuomba. Mama alisita kidogo, baba naye akaguna, lakini nani angemkatalia mama yule? Nililetwa Desemba, na Aprili, na Agosti. Tulisoma kidogo kidogo, na kila tulipokaribia mwisho kukhu aligundua kuna mahali hakupaelewa, turudi nyuma. Alikuwa anaelewa kila kitu. Aliurudia ule unga wa mbinguni hata baada ya mimi kujua theluji ni nini na kumsahihisha. Alisema yeye anaupenda unga. Wafula alijifunza kusoma kwenye kitabu hicho, kidole chake juu ya kidole changu, na ukurasa wa mwisho alinisomea yeye. Mlima haukuondoka. Berit na Olo waliuzunguka, kila mmoja kutoka upande wake, wakakutana wamechoka, viatu vimekwisha. Niliona ni mwisho mzuri kuliko ule niliokuwa nautafuta.

Nilivisoma tena, mtu mzima, Desemba iliyopita nilipolala kwa Wafula, na kusema kweli hadithi yenyewe hasa ni ya taji lililoibiwa. Mlima umechukua sura chache tu. Wala si vitabu vya ajabu. Pengine yule aliyeviandika alikuwa na haraka. Lakini sijui hati wala ahadi iliyofanya kazi kubwa zaidi nyumbani kwetu. Wazazi wangu hawakurudiana. Mimi na ndugu yangu tulikua pamoja, likizo kwa likizo, kwa sababu mwanamke mmoja aliyeogopa majoka alivishikilia vitabu viwili vya majoka.

Desemba, tukiwa tumesimama pale ghala lilipokuwa, Wafula aliweka debe kati yetu. Siku hizi ni mwalimu, ana nyumba yake karibu na Kibabii kule Bungoma, mimi nina duka langu la vitambaa Kitale, na hatuna tena mahali Bokoli pa kutuita. Yeye ndiye aliyefungua kamba. Alinyoosha mkono nikadhani ananipa vyote, kwa kuwa ndimi mkubwa. Akanipa cha kwanza.

"Na hicho?" nikamuuliza.

"Hiki kinaenda na mimi," akasema, akikipangusa poda. "Unajua mahali nakaa."

Tulicheka, kisha hatukucheka.

Binti yangu amekimaliza cha kwanza wiki hii. Alikuja dukani akiwa amekishika kifuani, uso umekunjamana, akaniuliza mtoto wa watu ameachwa upande ule na cha pili kiko wapi. Nikamwambia kiko Bungoma kwa mjomba wake. Akasema basi mjomba akitume na gari la jioni, kitafika leo leo. Nikamwambia hakitumwi. Aligomba, akanuna, akasema mimi ni kichwa ngumu. Nilimwacha amalize, nikaendelea kukata kitambaa. Nilipofika nyumbani nilikuta amekwishapanga nguo zake kwenye mkoba, na zangu ameziweka kando yake.